Dada wa Fox hawakuanzisha uponyaji wa Marekani

Mhariri,

Makala yenu juu ya dada wa Fox, wasichana wa jimbo la New York waliodai kwamba wafu huwajibu kwa milio ya kugonga, na juu ya Uspiritualisti wa Marekani, yaani imani kwamba roho za wafu huzungumza na walio hai, ilieleza vizuri kisa cha vidole vya miguu vilivyotoa milio hiyo. Ilipofika kwenye uponyaji, ikasema kwamba ulizaliwa na zile sauti za kugonga za Hydesville, kijiji cha dada hao, mwaka 1848, na kwamba ulikwisha pale Maggie Fox alipokiri ujanja wake mwaka 1888. Yote mawili si kweli. Waponyaji wa kutumia mikono na usingizi walikuwapo Marekani zaidi ya miaka kumi kabla ya Hydesville, na baada ya 1888 hawakukosa wateja. Naomba nafasi ya kueleza.

Mwaka 1836 Mfaransa Charles Poyen alianza kuzunguka New England, majimbo ya kaskazini-mashariki, akihutubia juu ya nadharia ya daktari Franz Anton Mesmer: kwamba mwilini hupita kimiminika kisichoonekana, ambacho kikizuiwa mtu huugua, na njia yake ikifunguliwa hupona. Wafuasi waliiita nguvu hiyo sumaku ya viumbe. Mwaka 1837 mwongozo wa Mfaransa mwingine, Deleuze, ukatafsiriwa na kuchapwa Providence, na tangu hapo yeyote aliyejua kusoma aliweza kujaribu nyumbani kwake.

Utaratibu wenyewe ulikuwa huu. Mponyaji hukaa mbele ya mgonjwa, kwenye kiti kilichoinuka kidogo kuliko cha mgonjwa. Humshika vidole gumba, gumba kwa gumba, mpaka joto la wote wawili lilingane. Kisha huweka viganja mabegani na kuvishusha polepole juu ya mikono ya mgonjwa hadi ncha za vidole, mara 5 au 6. Baadaye viganja hupelekwa kichwani na kuteremshwa mbele ya uso bila kugusa, umbali wa sentimita 3 hadi 5, hadi kwenye chembe cha moyo; hutua hapo kidogo, kisha huendelea hadi magotini au nyayoni. Kanuni iliyokazaniwa kuliko zote ni kwamba kiganja hufanya kazi kikiteremka tu. Kinaporudi juu hugeuzwa nje na kupitishwa kando ya mwili, kwa sababu kupandisha kulihesabiwa kutengua kilichokwisha kufanywa. Makosa ya kazi nayo yalijulikana: pupa, watazamaji wengi chumbani, au mponyaji ambaye mwenyewe ni mgonjwa.

Baadhi ya wagonjwa walisinzia na kuanza kusema. Hapo ndipo ilipoanzia kazi ya kuagua maradhi usingizini. Andrew Jackson Davis wa Poughkeepsie alilazwa usingizi huo mwaka 1843 na fundi cherehani William Levingston. Davis alikuwa kijana wa miaka 17. Akawa anaeleza viungo vya ndani vya mgonjwa kana kwamba ngozi ni kioo, kisha anataja dawa. Hydesville ilikuwa bado miaka mitano. Kwa hiyo wafu walipoanza kugonga, walikuta nyumba imekwisha kujengwa, na mlango uko wazi.

Swali ambalo makala yenu haikuligusa ni kwa nini watu wenye akili zao, mahakimu na maseneta wakiwamo, walimwacha daktari wakaenda kwa mtu wa kupitisha viganja hewani. Jibu liko kwa daktari. Benjamin Rush, daktari mashuhuri kuliko wote wa Marekani changa, alipopambana na homa ya manjano ya Philadelphia mwaka 1793 aliwapa wagonjwa kalomeli grani 10, yaani takriban gramu 0.65, pamoja na mzizi wa jalapa wa kuharisha, na juu ya hayo akawatoa damu. Wanafunzi wake walieneza tiba hiyo nchi nzima kwa miaka mingi. Kalomeli ni chumvi ya zebaki. Dalili kwamba dawa “imeshika” ilikuwa mate kutiririka bila kukoma. Wakati huo fizi zinaoza, meno yanalegea, na kwa watoto wengine nyama ya shavu inakufa. Mgonjwa wa homa aliyekwisha kupungukiwa maji aliharishwa zaidi, na aliyekwisha kupungukiwa damu akachanjwa tena. Ilipofika Mei 1863, katikati ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, mkuu wa madaktari wa jeshi, William Hammond, aliiondoa kalomeli katika orodha ya dawa za jeshi. Madaktari wenzake walimjia juu.

Mwekeni mponyaji wa sumaku kando ya daktari huyo. Anakuja bila kisu na bila zebaki. Anakaa na mgonjwa kwa muda mrefu, anamgusa taratibu, anamwachia maji safi aliyoyapitishia mikono, anaagiza watu watulie. Kwa maumivu ya viungo yanayokuja na kuondoka, kichwa, kukosa usingizi, unyonge wa neva, hata kupooza kusikotokana na jeraha, alimshinda daktari kwa kutomdhuru mgonjwa tu. Kwa kifua kikuu na saratani hakuwa na kitu, ila kwa hayo daktari wa siku hizo naye hakuwa na kitu.

Aliyelifahamu jambo hili mapema alikuwa fundi saa wa Belfast, jimbo la Maine, Phineas Parkhurst Quimby. Alifuata nyayo za Poyen, akamlaza kijana Lucius Burkmar, na Lucius akaagua maradhi usingizini. Quimby akagundua kwamba dawa alizozitaja Lucius zilikuwa majani yasiyofaa wala kudhuru, na kwamba dawa yoyote iliponya wagonjwa wa aina fulani mradi Lucius ameiagiza. Kwa hiyo kilichoponya ni imani ya mgonjwa. Akaachana na usingizi. Mwaka 1859 alifungua ofisi Portland, akawa anaketi na mgonjwa na kumweleza anavyojisikia na anachodhani kinamsumbua. Mgonjwa akikubali maelezo hayo, maelezo ndiyo dawa. Wakati mwingine alilowesha mikono na kumsugua mgonjwa kichwani, huku akijua wazi kwamba maji hayo hayana nguvu yoyote ila ya kumpa mtu moyo. Quimby hakuamini roho za wafu. Mmoja wa wagonjwa wake wa mwaka 1862, Mary Patterson, ndiye aliyekuja kuwa Mary Baker Eddy, mwanzilishi wa kanisa la Sayansi ya Kikristo, linalotibu kwa sala, mwaka 1879, na yeye pia aliwapinga Waspiritualisti kwa ukali. Kuwatia wote kapu moja, kama makala ilivyofanya, ni kuwasingizia.

Basi roho zilileta nini? Zilileta jina la kumpa yule anayesema usingizini. Kabla ya 1848 Davis alisema anaona mwenyewe. Baada ya hapo waponyaji wengi walisema ni daktari aliyekufa anayeona na kuagiza, nao ni chombo tu. Roho nyingine iliyopendwa ilikuwa ya mganga wa wenyeji wa asili wa Marekani. Inashangaza: enzi hiyohiyo wenyeji walio hai walikuwa wakifukuzwa kwenye ardhi yao, na marehemu wao wakikaribishwa sebuleni watibu watoto wa Kizungu.

Roho pia ziliwapa wanawake kazi. Elizabeth Blackwell alipata shahada ya udaktari Januari 1849 huko Geneva ya jimbo la New York, si mbali na Hydesville, lakini vyuo vingi viliendelea kuwafungia wanawake milango. Mwanamke aliyesema kwa kinywa chake alinyamazishwa. Aliyesemewa na daktari marehemu alisikilizwa na kulipwa. Achsa Sprague wa Vermont, aliyekuwa hajiwezi kwa ugonjwa wa viungo, alisema roho zimemwinua kitandani, na kuanzia 1854 akazunguka majimbo akihutubia usingizini. Ugonjwa ulimrudia. Alifariki mwaka 1862, akiwa na miaka 34.

Biashara nayo ilikua. Banner of Light, gazeti la kila wiki la Boston lililoanza 1857, lilijaa matangazo ya waaguzi. Mgonjwa wa mbali alituma kishungi cha nywele, umri, jinsia, na dola moja au zaidi. Akajibiwa kwa barua yenye jina la ugonjwa na dawa. Wengine waliuza karatasi zilizopitishiwa mikono, za kuweka mahali panapouma. Hapa ndipo kazi ilipoharibika hasa. Mponyaji wa chumbani angalau alimwona mgonjwa anavyopumua, akaona rangi ya ngozi, akajua amezidiwa. Wa barua hakuona chochote, na uvimbe ukaendelea kukua huku mtu akingoja posta.

Kuhusu ugongaji wenyewe, nyongeza moja. Hakikungojewa kiungamo cha 1888. Februari 1851 madaktari watatu wa Buffalo walieleza kwamba sauti hizo ni za maungo, wakataja goti. Waliwakalisha Maggie na Leah, dada yake mkubwa, miguu ikiwa imenyooshwa, visigino juu ya mito laini, na sauti zikakoma. Miguu ilipopata pa kujikaza, zikarudi. Maungo yakiteguka pasipo egemeo hayalii, na mguu usiogusa ubao hauna cha kuvumisha sauti. Maelezo hayo yalichapwa magazetini, na Uspiritualisti ukaendelea kukua. Vita vya 1861 hadi 1865 viliua askari wapatao 620,000 kwa hesabu ya zamani, wengi wakizikwa mbali na kwao, baadhi bila majina. Mama wa askari hakuwa na haja ya kusikia habari za goti. Maggie mwenyewe alikanusha ungamo lake mwaka 1889.

Waponyaji walivuka salama. Massachusetts ilipotunga sheria ya kusajili madaktari mwaka 1894, mwanasaikolojia William James wa Harvard alipinga hadharani kuwafungia waponyaji wanaotibu kwa nguvu ya akili, akisema tiba zao zichunguzwe badala ya kupigwa marufuku. Sheria iliyopitishwa iliwaacha nje waaguzi na waponyaji wa sumaku, sharti wasijitangaze kuwa madaktari. Mwaka uliofuata D. D. Palmer, mponyaji wa sumaku wa mji wa Davenport, Iowa, alianza kunyoosha pingili za uti wa mgongo, na ufundi wake, uitwao kiropraktiki, leo una leseni katika majimbo yote ya Marekani.

Makala ililinganisha pia vikao vya Kimarekani na kupunga pepo kwa pwani yetu. Ulinganisho huo haukai. Kwetu pepo yumo ndani ya mwele. Hupandishwa, huulizwa jina na anachotaka, hupewa, ndipo aliye kiti, yaani yule aliyepandwa na pepo, hupumzika. Kwao mgonjwa ametulia kimya na roho imemshika mponyaji, wala haidai kitu. Anayedai ni mponyaji, naye anadai dola.

Na picha mliyoiweka juu ya ukurasa, ya ubao wenye herufi wa kuulizia roho, uitwao Ouija, haihusiani na Hydesville. Ubao huo ulipewa hataza Februari 10, 1891, kwa jina la Elijah Bond, ukauzwa na kampuni ya Baltimore kama mchezo wa sebuleni. Katika mji wa Rochester, walikohamia dada wa Fox, mwaka 1849 herufi zilitamkwa kwa mdomo moja baada ya nyingine, A, B, C, mpaka mlio usikike. Herufi hiyo ikaandikwa, wakaanza upya kutoka A.

Msomaji wenu,
Morogoro