Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya: tuhesabu dawa kabla ya kusaini

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KAMATI ZA ZAHANATI KUSAINI MZIGO ZISIOUHESABU

Salaam kutoka vijijini Moshi. Hatuombi jengo jipya. Tunaomba ratiba ya gari la dawa.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kamati ya usimamizi ndiyo inayoziangalia kwa niaba ya wanakijiji. Lakini gari la Bohari ya Dawa likifika saa sita mchana bila taarifa, wajumbe wako shambani. Mganga mfawidhi anapokea peke yake huku foleni ya wagonjwa ikimsubiri, anahesabu maboksi, dereva anaondoka. Jioni wajumbe wawili wanapelekewa karatasi wasaini.

Ili dawa zipungue, si lazima awepo mwizi. Dawa mseto ya malaria huja katika pakiti za vidonge 6, 12, 18 na 24, kwa uzito wa mgonjwa. Maboksi yanaweza kutimia na pakiti za watu wazima zikapungua, na kwa zahanati za tambarare, upande wa Kahe, hilo huonekana masika wakati mbu wamejaa. Kwa hiyo boksi lifunguliwe, pakiti zihesabiwe kwa aina, tarehe ya kuisha muda isomwe, upungufu uandikwe kwenye hati dereva akiwa bado yupo. Akishaondoka, madai yanakuwa maneno matupu.

Kosa la pili liko kwenye leja, nalo ndilo linalotuumiza zaidi. Tuseme katika siku 60 dawa ilikuwepo siku 40 tu, zikatoka pakiti 200. Anayeagiza akiandika matumizi ni 200, anaagiza uhaba uleule urudi. Hesabu sahihi ni 200 gawanya kwa 40, zidisha kwa 60: pakiti 300. Bila kuandika siku ambazo rafu ilikuwa tupu, hesabu hiyo haiwezekani, na mjumbe anayejua kusoma kadi ya stoo anaweza kuikagua kwa dakika kumi.

Basi, Mfamasia wa Wilaya atume ujumbe wa simu kwa mwenyekiti wa kamati siku moja kabla ya gari. Wajumbe wawili watakuwepo. Chai tutakunywa kwetu. Orodha ya kilichopokelewa ibandikwe mlangoni mwa zahanati, isomwe kwenye matangazo ya ibada Jumapili na msikitini Ijumaa, maana mkutano mkuu wa kijiji huja baada ya miezi mitatu na dawa huisha kabla yake.

Na mpango wa zahanati wa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 uje kwenye kamati ukiwa bado rasimu. Ukishaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, tunachobakiwa nacho ni kusomewa.

Tunasubiri tarehe ya gari lijalo.

Wajumbe wa kamati za zahanati,
Moshi