Achieng', kava za simu ziache kwanza

Nakuru

Kwako Achieng',

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Barua yako nimeisoma na nimekuelewa hivi: una shilingi 30,000, una simu yenye kamera nzuri, unataka kuuza mtandaoni ukiwa hapo Kisumu, na umekwama kati ya kava za simu na magauni ya mitumba. Mimi ningeacha yote mawili.

Kava zinatoka kwa wauzaji wale wale wa jumla wa Nairobi. Bei yake kila mtu anaijua, na mtu wa Kisumu akiitaka anashuka mjini, anaijaribu kwenye simu yake, anaondoka nayo. Akusubiri wewe na boda kwa nini? Mitumba nayo ina taabu yake: kila gauni ni moja tu. Unalifua, unalipiga pasi, unalipiga picha, unajibu watu kumi na watano "bado iko?", mmoja analichukua, na ile picha haina kazi tena.

Tafuta kundi la watu wenye hitaji moja linalorudi, wanaopatikana pamoja, na ambao maduka hayawatoshelezi. Chukua mfano ulio mlangoni pako: wanafunzi wa uuguzi na utabibu. Kisumu kuna kampasi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Maseno. Kakamega kuna KMTC nyingine pamoja na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Bungoma, Busia na Siaya pia kuna KMTC. Hawa wote huvaa skrabu wodini, ile blauzi ya shingo ya V na suruali yake, na pea moja haitoshi kwa sababu moja ikiwa mwilini nyingine iko kwenye kamba. Kila mwaka wanaingia wapya. Tena wako kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa, kwa hivyo ukimridhisha mmoja, namba yako inasambaa bila wewe kulipia tangazo.

Huo ni mfano tu, na hata huo usiuamini kabla ya kuupima. Anza na Google: andika neno pamoja na jina la mji, herufi moja moja, uangalie kinachopendekezwa, maana yale ni maneno ambayo watu huyatafuta kweli. Google Trends ukiiweka Kenya, chagua miaka 5 na si siku 30, ndipo utaona kama hitaji lina msimu. Ikikuambia data haitoshi, usikate tamaa. Neno dogo mara nyingi halionekani pale. Halafu fungua maktaba ya matangazo ya Facebook, ambayo ni bure. Chagua Kenya, andika bidhaa yako, uangalie kila tangazo lilianza tarehe gani. La juzi halikuambii kitu. Lililodumu miezi kadhaa, kuna mtu anayelilipia kwa sababu linamrudishia. Na usipoona muuzaji hata mmoja, usishangilie kwamba uko peke yako. Mara nyingi maana yake ni kwamba wanunuzi hawako.

Kisha pigia wauzaji watatu kama mteja. Uliza wana saizi ya mtu mnene, suruali ya mtu mrefu, rangi inayotakiwa na chuo fulani, na inafika Siaya baada ya siku ngapi. Pale wanapoanza kusema "labda wiki ijayo", andika. Nafasi yako iko hapo, wala haiko kwenye kuuza kwa bei ya chini kuliko wao.

Sasa hesabu, ambayo wengi huifanya nusu. Hizi bei ni za kukadiria, wewe utaweka za soko la Kibuye. Skrabu ya mtu wa mwili wa kadiri inahitaji kama mita 3 za kitambaa cha upana wa inchi 60. Tuseme mita ni 220, hiyo ni 660. Fundi 400, lastiki na uzi 40, mfuko na lebo 30. Jumla 1,130. Ukiuza 1,800 unaona 670 na unafurahi. Subiri. Tangazo la 2,000 likileta wanunuzi kumi, kila mmoja amekugharimu 200. Makato ya till, ile namba ya kupokelea malipo kwa simu, ni kama 10. Bando na boda ya kwenda kwa fundi, 50. Katika oda kumi moja itashonwa upya, kwa hivyo weka 110 kwa kila pea. Umebaki na 300. Mteja akikuomba umpunguzie asilimia 10 ukakubali, umebaki na 120. Lakini huyo huyo akirudi kuchukua pea ya pili, ile 200 ya tangazo haipo na umepata 500. Ndiyo sababu nasisitiza hitaji linalorudi. Na siku mauzo yakivuka shilingi milioni 1 kwa mwaka (ni kama pea 560), kuna kodi ya mauzo ya asilimia 3, na inatozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Hapo ndipo wenye faida nyembamba huumia.

Usinunue jora zima la kitambaa. Shonesha pea tatu za saizi tofauti, zimpate mtu wa kuzivaa, uzipige picha nje kwenye kivuli. Jua kali hugeuza navy ikawa bluu nyingine, na mteja atakurudishia. Weka tangazo la 500 kila siku kwa siku 4, ulielekeze Kisumu na Kakamega tu, na kitufe chake kiingie WhatsApp. Hapo umetumia kama 5,400. Kisha hesabu wanaoweka amana. Wanaobonyeza kupenda waache, hao ni wengi kila mahali. Kipimo changu ni hiki: watu 20 wakiuliza bei na wawili au watatu wakaweka 1,000, endelea. Wakiuliza wote wakanyamaza, badilisha bei au badilisha kundi, na bado una zaidi ya 24,000 mfukoni.

Amana ya 1,000 inakaribia gharama yote ya kitambaa na kushona, kwa hivyo wateja wanakusaidia mtaji. Jina la mtu lisidariziwe kifuani kabla hajamaliza kulipa, kwa sababu pea yenye jina huwezi kumuuzia mwingine. Malipo yahakikishe kwenye ujumbe uliofika kwenye simu yako mwenyewe, usikubali picha ya skrini hata kidogo.

Kinachorudisha nguo nyingi ni vipimo. Mtu akisema "mimi ni M", hajasema kitu, M ya kila fundi ni yake. Mtumie ujumbe mmoja uliouandaa: kiuno, nyonga pale palipo panene zaidi akiwa amesimama, na urefu wa mguu wa ndani aupime kwenye suruali inayomkaa vizuri, ikiwa imelazwa kitandani. Kwenye nyonga fundi aongeze inchi 4, la sivyo mtu akiinama kutandika kitanda cha mgonjwa mshono wa nyuma unaachia. Blauzi na suruali zikatwe kwenye jora moja, maana majora mawili ya rangi "moja" hutofautiana ukiyaweka pamoja. Polikotoni ya 65 kwa 35, yaani poliesta 65 na pamba 35 kwa mia, inakauka haraka na haikunjamani sana. Ya poliesta tupu, kwa joto la huko kwenu, wataivaa mara moja tu na kuiacha.

Kwenye WhatsApp ya biashara tumia lebo tatu: ameuliza, ameweka amana, ametumiwa. Ukituma tangazo kwa orodha, linawafikia tu waliohifadhi namba yako, kwa hivyo waombe waihifadhi siku wanayopokea mzigo.

Viatu vya wanawake vya namba 42 kwenda juu pia vina watu wanaohangaika, ila vinataka stoki ya saizi nyingi na 30,000 haitoshi.

Jumapili ukienda Kibuye niulizie bei ya polikotoni kwa mita, navy na maruni, na fundi wawili wanadai ngapi kwa pea. Uliza pia vyuo vinataka rangi gani. Nitumie, tupige hesabu upya kwa bei za kweli. Wasalimie mama na watoto.

Rafiki yako,
Chebet