Jicho Lililojifunza Kusita

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya, sisi hatujambo. Uliniuliza kama lile jicho la kielektroniki nililokuahidi limekamilika au limebaki maneno matupu. Limekamilika, nalo sasa limekaa juu ya rafu likimtazama kila apitaye, mfano wa mitambo ya vyombo vya angani tuliyokuwa tukiichora madaftarini.

Jicho lenyewe ni nusu ya kipira cha tenisi ya meza, chenye kipenyo cha milimita 40, nililolitia taa nyekundu ya LED na kulipachika juu ya mota ndogo ya servo, yaani mota inayogeuka hadi pembe inayoagizwa. Kushoto na kulia kwake nimeweka vihisi viwili vya kupima umbali, aina ya HC-SR04, ambavyo hutoa mlio wa kilohezi 40 usiosikika na binadamu, kisha husubiri mwangwi. Mtu akiwa umbali wa mita 1, mwangwi hurudi baada ya takriban milisekunde 6. Ubao wa ESP32, ambao ni kompyuta ndogo, hulinganisha vipimo hivyo na kuligeuza jicho kuelekea upande wenye umbali mfupi. Mwanzoni niliviacha vihisi vilie kwa pamoja, kila kimoja kikawa kinadaka mwangwi wa mwenzake, na jicho likayumba kama mlevi. Sasa vinapokezana.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba kila mota ilipoanza kuzunguka, ubao ulizimika na kuwaka upya. Niliipitia programu mstari kwa mstari kwa siku tatu, kumbe haikuwa na kosa: mota ilikuwa ikivuta umeme mwingi kwa ghafla, na volti za ubao zikashuka. Nikaipa mota chanzo chake cha volti 5, nikaongeza kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo) ya mikrofaradi 470, na nikaunganisha waya hasi za vyanzo vyote viwili, kwani bila hivyo mota hutetemeka ovyo.

Hata hapo, bado lilikuwa mdoli tu. Liligeuka papo hapo, kwa mshtuko, na hakuna aliyelijali. Ndipo nikaliagiza lisubiri theluthi moja ya sekunde, kisha ligeuke polepole, digrii moja kila milisekunde 20. Sikuliongezea akili yoyote, lakini mgeni wa kwanza kuliona baada ya badiliko hilo aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama linasikia. (Nilichelewa kumjibu kwa makusudi.) Nilikuwa nimekwisha kupanga kulitafutia kamera, mpango huo nimeuweka kando.

Mchoro wa saketi na programu vimo ndani ya bahasha hii. Utakapoanza kulehemu, hakikisha waya wa mwangwi wa kila kihisi unapitia vipinga vya kiloomu 1 na 2 vinavyogawanya volti, kwa kuwa kihisi hutoa volti 5, ilhali pini za ubao zimeundwa kwa volti 3.3. Nusu ya pili ya kipira nimekuwekea.

Wako wa siku zote.