Nyumba aliyoijenga Ruth Brown

Mhariri,

Naandika kuhusu makala mliyoitoa juu ya Atlantic, kampuni ya santuri ya Marekani, na muziki wa rhythm and blues, ule wa mdundo wa Wamarekani weusi. Imeandikwa kwa bidii, na nilifurahi kuona gazeti letu likiwakumbuka wanamuziki wa Marekani wa zama za santuri. Lakini niliisoma mara mbili nikilitafuta jina la mwimbaji Ruth Brown, sikuliona. Waanzilishi wametajwa, wanunuzi wametajwa, hata bei imetajwa. Yeye hakupata hata mstari mmoja, ilhali Wamarekani wenyewe waliibandika kampuni ile jina la "nyumba aliyoijenga Ruth".

Alizaliwa Portsmouth, Virginia, Januari 1928. Portsmouth ni mji wa bandari. Baba yake alikuwa kuli wa gatini siku za kazi, na Jumapili akiongoza kwaya ya kanisa. Marehemu baba yangu naye alikuwa kuli, Kilindini, na labda ndiyo sababu habari za binti huyu zimenikaa rohoni miaka yote hii. Baba yake Ruth hakutaka kusikia nyimbo za kidunia nyumbani kwake. Binti akawa anaziimba kwa siri, na mwaka 1945 akaondoka kabisa pamoja na mpiga tarumbeta aitwaye Jimmy Brown. Ndoa haikudumu, jina likabaki.

Bendi kubwa iliyomchukua, ya Lucky Millinder, ilimfukuza Washington baada ya muda mfupi kwa sababu aliwapelekea wapigaji wenzake vinywaji bila malipo. Aliyemwokota ni mwanamke, Blanche Calloway, aliyekuwa na klabu mjini humo. Alimpa kazi ya kuimba, kisha akawa meneja wake. Sifa zikafika New York kwa Ahmet Ertegun na Herb Abramson, waliokuwa wameianzisha Atlantic mwaka 1947 na bado wakitafuta njia.

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo. Oktoba 1948 Ruth alikuwa njiani kwenda New York, na gari lao likapata ajali huko Pennsylvania. Miguu ilivunjika vibaya. Alilala hospitali miezi mingi, na mkataba wake wa kwanza aliutia saini akiwa kitandani. Alipoingia studio mwaka 1949 kurekodi "So Long" alikuwa bado anatembea kwa magongo. Miguu ile ilimsumbua maisha yake yote. Kila ninapousikia wimbo ule namwona msichana wa miaka 21 ameegemea magongo mbele ya maikrofoni, anaimba taratibu, bila haraka yoyote.

Mwenyewe alipenda nyimbo za taratibu kama hiyo. Kampuni ndiyo iliyomsukuma kwenye mdundo wa kasi, na mwaka 1950 "Teardrops from My Eyes" ikashika namba moja kwenye chati ya rhythm and blues kwa wiki 11. Ikafuata "5-10-15 Hours" mwaka 1952, na mwaka uliofuata "Mama, He Treats Your Daughter Mean". Huo unaanza kwa tari. Tari peke yake kwanza, ndipo bendi inaingia, ndipo yeye anamshtakia mama yake mwanamume anayemtesa. Sikilizeni mwisho wa maneno: sauti inapanda, na palepale juu inapasuka, kama mtu aliyezidiwa na kilio akakimeza. Mpasuko ule ndio alama yake. Sijamsikia mwingine aliyeufanya ukawa sehemu ya wimbo namna ile.

Kampuni ndogo ikasimama kwa mauzo ya santuri hizo. Wakati huohuo yeye alikuwa barabarani, kwenye majimbo ya kusini, akiimba katika kumbi zilizogawanywa kwa kamba, weusi upande huu na weupe upande ule, wote wakicheza wimbo mmoja. Mwaka 1954 aliimba "Oh What a Dream", na mwaka uleule mwimbaji mzungu, Patti Page, naye akaurekodi. Milango ya redio na televisheni iliyokuwa wazi kwa Page ilikuwa nusu imefungwa kwa mwenye wimbo.

Makala yenu imesimulia kwa kirefu jinsi Atlantic ilivyouzwa mwaka 1967 kwa dola milioni 17.5. Ni kweli. Lakini Ruth Brown alikuwa ameachana na kampuni mwaka 1961, na katika miaka hiyo aliwalea wanawe wawili kwa kufanya usafi kwenye nyumba za watu na kuendesha basi la watoto wa shule. Habari mbili hizi zilipaswa kukaa ukurasa mmoja.

Wako watakaodhani alizitapanya pesa zake. La. Mikataba ya wakati ule ilimlipa mwimbaji kiasi kidogo kwa kila wimbo siku ya kurekodi, na kumwahidi mirabaha baadaye, yaani fungu lake katika mauzo ya santuri. Lakini gharama za kurekodi, pamoja na malipo ya wapiga ala, zilikatwa kwanza kwenye mirabaha hiyo. Kwa hesabu hiyo mwimbaji angeweza kuuza santuri nchi nzima na bado vitabu vya kampuni vikasema anadaiwa. Ruth alipouliza miaka ya 1980, jibu lilikuwa hilohilo: wewe ndiye mwenye deni. Na nyimbo zake zilikuwa zikitolewa upya na kuuzwa.

Aliyesimama naye ni wakili Howell Begle, ambaye alikuwa shabiki tu, mnunuzi wa santuri zake. Aliichukua kesi bila kudai ada. Miaka kadhaa ikapita. Mwaka 1988, mwaka uleule Atlantic ilipoadhimisha miaka 40, kampuni ikakubali kuyafuta madeni hayo, kulipa mirabaha ya miaka ya nyuma, na kuwatendea hivyo wasanii wake wengine wa zamani pia. Ikatoa na fedha za kuanzishia Rhythm and Blues Foundation, taasisi ya kuwasaidia waimbaji wa enzi zile waliokuwa wamezeeka mikono mitupu. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko wiki 11 za namba moja. Angeweza kudai chake akanyamaza. Alidai na cha wenzake.

Baada ya hapo heshima zilikuja mfululizo: tuzo ya Tony, ya michezo ya jukwaani, mwaka 1989 kwa onyesho la "Black and Blue" huko Broadway, New York, kisha Grammy, tuzo ya muziki, kisha mwaka 1993 akaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki. Aliendelea kuimba hadi uzeeni. Alifariki Nevada tarehe 17 Novemba 2006. Ertegun alimfuata tarehe 14 Desemba, hata mwezi haujatimia.

Sina ugomvi na Ertegun. Alikuwa na sikio, na bila yeye huenda sauti ile isingetufikia huku. Ninachoomba, Mhariri, ni nyongeza katika toleo lijalo: jina la Ruth Brown, nyimbo tatu nilizozitaja za 1950, 1952 na 1953, na habari ya mirabaha bila kufupishwa, maana hapa kwetu wapo waimbaji wa taarabu na wa dansi ambao nyimbo zao hupigwa redioni kila siku, na wangependa kujua kwamba kuna aliyedai akalipwa. Na kama mtaweka picha, tafadhali msirudie ile ya ofisi mliyoitoa na makala. Wekeni ya Ruth Brown akiwa mbele ya maikrofoni.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mombasa