Usingizi wa Mikumi: barua kwa mwanangu aliye Leeds

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimesomewa na mdogo wako, kisha nikaisoma mwenyewe mara mbili kwa miwani. Huku hatujambo. Goti la mama yako limetulia kidogo, na mahindi yameota vizuri, ingawa ngedere wameshaanza kuyakagua.

Umeniuliza jambo ambalo katika miaka 31 ya usukani hakuna aliyewahi kuniuliza: abiria humwamini dereva kwa lipi? Unasema huko chuoni mna kuba la kuigiza uendeshaji, la upana wa mita 4, ndani yake bodi ya gari, na kuba zima linateleza juu ya reli ili aliyemo aisikie breki na kona mwilini. Gari linajiendesha, nyinyi mnampima mapigo ya moyo na jasho la vidole, halafu anajaza ile karatasi ya maswali 12 ya kupima imani ya mtu kwa mtambo, iliyotungwa mwaka 2000. Nilicheka uliposema swali la kwanza linauliza kama mtambo ni mdanganyifu. Chuma kitadanganya vipi? Halafu nikaikumbuka geji ya mafuta ya lori langu la kwanza, nikanyamaza.

Nitakujibu kwa kisa ambacho mama yako hakijui. Usimpigie simu kumsimulia.

Mwaka 1994 nilikuwa na utingo, kijana wa Kilosa, mwenye mikono mizuri sana kwenye usukani. Usiku wa kwanza nilipomwachia lori nilikaa macho kama mlinzi wa benki. Safari ya pili nikafumba jicho moja. Ilipofika ya kumi hivi, tukirudi tupu kutoka Tunduma, nilimpa usukani pale Ruaha Mbuyuni nikalala fofofo. Kijana hakuwa amekosea hata mara moja, ndiyo sababu nililala. Nimeamka breki zinalia, tuko katikati ya hifadhi ya Mikumi, na mbele ya taa wamesimama tembo watatu. Alikuwa hajawahi kukutana nao usiku. Aliniambia baadaye kwamba mwanzo alidhani ni lori lililokufa bila taa, kisha akadhani kivuli, kisha hakujua adhani nini. Tulisimama tairi moja likiwa nje ya lami. Tembo hata hawakugeuka kututazama. Yule kijana aliomba radhi hadi Morogoro, na mimi nikamwacha aombe, ilhali mwenye kosa alikuwa mimi niliyelala.

Kwa hiyo uliponieleza ajali ya Tempe, kule Arizona, ya Machi 2018, nilijiona ndani ya lile gari. Gari la majaribio la Uber, la kujiendesha, lilimwona yule mama aliyekuwa akikokota baiskeli sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Likamwita gari, likamwita kitu kingine, likamwita baiskeli, na kila lilipombadilisha jina lilisahau alikotoka, likashindwa kukisia anakoelekea. Eti halikutengenezwa litarajie mtu kuvuka nje ya kivuko! Walilete hapa Msamvu saa kumi na moja jioni. Na yule aliyewekwa kwenye usukani kulilinda alikuwa akitazama simu. Wachunguzi wa Marekani walisema alibweteka, na watu wamemlaani. Mimi ulimi unanikataa. Kitu kikikufikisha salama siku baada ya siku, macho yenyewe huomba ruhusa.

Sasa hilo la Iris. Umeniandikia kwa furaha kwamba mwaka 2014 watafiti wa Marekani walilipa gari la maigizo jina hilo na sauti ya mwanamke, watu wakaliamini kuliko gari hilohilo lisilo na jina, na hata lilipopata ajali hawakulilaumu sana. Mimi limenitia hofu. Sauti haikuliongezea macho. Huku tunawajua makonda wenye maneno ya asali, wanajaza basi ambalo breki zake zilikwisha kitambo. Ikiwa imani inaweza kupanda na breki zikabaki palepale, hapo ndipo pa kuchimba, mwanangu, hata kama anayelipia utafiti anataka tu watu wapande bila wasiwasi. Wale watafiti Lee na See uliowataja, waliosema mwaka 2004 kwamba imani ilingane na uwezo wa mtambo, wangefaa kuwa matajiri wa malori.

Abiria ninayemkumbuka kuliko wote ni mama mmoja niliyempa lifti kutoka Iringa. Tunashuka Kitonga, ameshika dashibodi kwa mikono miwili, anatetemeka, na bado anauliza, "Baba, mbona injini imebadili sauti?" Nilitaka kukasirika. Nikasikiliza. Kweli, gia ilikuwa inataka kuchomoka. Huyo mama, kwenye vipimo vyenu vya jasho, angeandikwa ni mtu asiyeamini teknolojia, ili atafutiwe dawa. Mimi ningempa kiti cha mbele kila safari.

Yule mtafiti wa Stanford aliyejivika kiti cha gari ili watembea kwa miguu wadhani hakuna dereva, nimemsimulia kijiweni. Hawaniamini. Nitumie picha.

Nikija mwezi wa sita nitaingia kwenye hilo kuba lenu, mnipime mtakavyo. Mama yako anauliza kama ni kweli watu hutapika humo ndani. Kama ni kweli, mwambie mapema, maana unajua yeye hata Dodoma hafiki bila mfuko.

Baba yako