Gari jipya lenye kasoro ndogo: uliza imetoka wapi kabla ya kukubali punguzo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasomaji wa Mtwara na Lindi wanaojiandaa kununua gari jipya. Nazungumzia gari la kilomita sifuri. Lile lililotoka Japani likiwa limeshatumika, ambalo huku tunaliita jipya kwa kuwa tu halijapata namba za Tanzania, lina kanuni zake nyingine.

Minada ya korosho ikishaanza na malipo yakaingia, wafanyabiashara na hata vyama vya msingi huagiza magari, na kila msimu swali linarudi lile lile. Gari limefika, linavutia, ila lina mkwaruzo mlangoni, au boneti haijakaa sawa, au redio inajizima. Muuzaji anasema ni kitu kidogo na anashusha bei kidogo. Ulichukue au ulikatae?

Ninavyoona mimi, ukubwa wa kasoro haukusaidii kuamua. Kinachosaidia ni kujua imesababishwa na nini na iko sehemu gani. Mkwaruzo wa sentimita 30 kwenye bampa ya plastiki ni mwepesi kuliko bonyeo la ukubwa wa sarafu kwenye ukingo wa paa. Bampa hufunguliwa na kubadilishwa. Paa limechomelewa kwenye bodi, na likishaguswa na nyundo na puti, ule udongo wa kujazia mabonyeo, halirudi kuwa la kiwandani.

Nianze na rangi, maana ndiyo malalamiko mengi. Pitisha ukucha kukatiza mkwaruzo. Ukucha usipokwama, umekwaruzika ule utando wa juu unaong'aa tu, na polishi nzuri itautoa. Ukikwama na ukaona kijivu au weupe chini yake, umefika kwenye praima, rangi ya chini kabisa. Ukiona bati linang'aa, au wekundu wa kutu umeshaanza, hilo lina haraka kwa sisi wa pwani. Mtu wa Shangani, Mikindani au Kilwa Masoko analaza gari kwenye upepo wa bahari kila usiku. Chumvi hushika unyevu juu ya bati lililo wazi, kutu inatambaa chini ya rangi nzuri, na baadaye rangi inainuka malengelenge sehemu ambayo hata haikukwaruzwa.

Hapo wengi wanakimbilia kudai mlango wote upigwe rangi upya, na mimi nawasihi wasifanye hivyo haraka. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi kabla bodi haijawekwa waya, siti wala plastiki. Gereji haiwezi kulipasha gari zima joto hilo bila kuyeyusha vitu, kwa hiyo inatumia rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuikaza) inayokauka kwa hewa au kwa joto dogo. Ikipigwa na fundi mzuri inadumu, lakini si ile ya mwanzo, na rangi ya metaliki huwa taabu kuilinganisha na mlango wa jirani. Kama mkwaruzo haujafika kwenye bati, afadhali uzibwe kwa brashi ndogo na rangi yenye msimbo ule ule ulioandikwa kwenye kibati cha mlangoni au chini ya boneti. Alama itabaki ukisogea karibu, lakini rangi ya kiwandani itabaki pia.

Jambo zito zaidi ni gari ambalo limeshapigwa rangi na hukuambiwa. Kifaa cha kupima unene wa rangi kinasema haraka: rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya maikroni (elfu moja hufanya milimita) 80 na 160, iliyorudiwa huvuka 200, na penye puti huenda zaidi ya 500. Huna kifaa? Fungua boneti, tazama vichwa vya bolti zinazoshika madigadi. Bolti ambayo haijaguswa kwa kawaida imevaa rangi ile ile ya bodi, na rangi hiyo ni nzima kwenye kona zake zote 6. Spana ikishapita, kona zinachubuka na chuma kinachungulia. Tahadhari lakini: bolti za bawaba ya boneti huweza kurekebishwa kiwandani kwenyewe, kwa hiyo alama moja haitoshi kumtuhumu mtu. Tafuta alama zinazokubaliana: bolti iliyochubuka, vumbi la rangi kwenye raba ya mlango, na madigadi ya kushoto ambayo ukiitazama kwa pembeni asubuhi uso wake una vishimoshimo tofauti na ya kulia. Zikikutana 3 upande mmoja, yaelekea gari liligongwa safarini au yadini.

Mapengo ya bodi pima kwa kadi za benki. Kadi 4 zikibebana ni milimita 3 hivi. Ziingize kati ya boneti na madigadi kushoto, kisha kulia. Pengo likitofautiana lakini likawa sawa toka mwanzo hadi mwisho, ni bawaba tu, kazi ya muda mfupi. Pengo la mlango likianza jembamba juu na kupanuka chini, na mlango unahitaji kubamizwa ndipo ufunge, chunguza alama za kuchomelea kwenye nguzo. Zisipofanana na za upande wa pili, liache gari hilo hata kwa punguzo kubwa.

Maji yanaingia ndani? Hapa sina huruma. Funga vioo, mtu mmoja aingie na tochi, mwingine amwagie kwa mpira dakika 10, akianzia chini na kupanda juu polepole ili mjue hasa yanapoingilia. Kisha papasa chini ya kapeti za mbele na kwenye kisima cha spea taili. Raba iliyokaa vibaya hurekebishwa pale pale. Mshono wa bati usiozibwa vizuri ni habari nyingine, kwa sababu magari mengi ya siku hizi yamepitisha soketi na waya chini ya kapeti. Maji ya masika yakilala humo, shaba inageuka kijani taratibu, na baada ya miezi unaanza kuona kioo hakipandi, taa zinawaka zenyewe, na hakuna anayekumbuka kwamba chanzo ni tone lililopita kwenye mshono. Usilipe mpaka limezibwa na kumwagiwa maji tena mbele yako.

Kwa umeme, pima betri asubuhi kabla ya kuwasha. Volti 12.6 ni nzima, 12.4 inataka kuchajiwa, na ikiwa chini ya 12 baada ya gari kukaa yadini muda mrefu, dai betri mpya. Kuichaji hakutoshi, maana betri ya risasi na asidi ikikaa bila chaji sahani zake hugandiwa na salfeti na uwezo wake hupungua. Taa ya injini ikiwa imewahi kuwaka, omba misimbo ya hitilafu isomwe kwa mashine mbele yako. Ikiwa imefutwa muda mfupi uliopita, mashine itaonyesha kwamba vipimo vya ndani vya gari havijakamilika. Gari liendeshwe kilomita 50 hadi 100, lisomwe tena. Taa ya mifuko ya hewa ikibaki inawaka, usilitoe hapo, kwa sababu siku ya ajali mifuko inaweza isifunguke.

Matairi yana namba 4 za tarehe: 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Namba za zamani hukuambia gari lilikaa muda gani. Kutu jepesi kwenye disiki za breki lisikutishe, linafutika ukikanyaga breki mara chache.

Sasa umbali, jambo ambalo mnunuzi wa Dar es Salaam halimuumizi kichwa. Toka Dar hadi Mtwara ni kilomita 560 hivi. Kama gereji yenye idhini ya dhamana iko Dar, kwenda na kurudi ni kilomita 1,120. Kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, hizo ni lita 93 za mafuta kabla ya kulala na kula. Tena barabara hiyo hukatika: mwezi wa tano mwaka 2024, mvua na Kimbunga Hidaya viliikata huku Kilwa na magari yakakwama. Punguzo la shilingi laki 3 kwa kasoro itakayokurudisha Dar mara 2 ni hasara. Kila kitu kinachohitaji mashine ya kampuni kimalizwe kabla gari halijavuka Daraja la Mkapa pale Mto Rufiji kuja kusini. Na kama litaletwa kwa kuendeshwa, andikisheni kilomita litakazofika nazo na nani atawajibika kwa kioo kitakachopigwa jiwe njiani.

Neno la mdomo halitoshi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaofaa kuuzika, lakini mnunuzi akishakagua, kinga hiyo haigusi kasoro ambayo ukaguzi wenyewe ulipaswa kuionyesha. Ule mkwaruzo ulioutazama ukanyamaza umekuwa wako. Kwa hiyo iandikwe kasoro yenyewe, kifaa kitabadilishwa au kitatengenezwa, na nani, kufikia tarehe gani, nani analipa usafiri, na kwamba dhamana haipungui. Namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 iwepo juu ya karatasi hiyo. Neno kama "itashughulikiwa" likatwe, liwekwe tarehe. Bakiza sehemu ya malipo, hata asilimia 10, mpaka kazi iishe, na yote yafanyike kabla kadi ya usajili haijatoka TRA kwa jina lako; baada ya hapo muuzaji akilirudisha anarudisha gari lenye mmiliki wa kwanza, na hamu ya kukusikiliza inapungua. Akigoma kutimiza alichoandika, malalamiko ya mlaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC, na utahitaji risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, pamoja na hiyo karatasi.

Mimi ningechukua bila ugomvi gari lenye redio mbovu, kishikizo cha plastiki kilichovunjika au bampa iliyokwaruzwa, mradi vimeandikwa. Gari linalovuta upande mmoja hata baada ya alaimenti, linalovuja oili kwenye injini, au lililoguswa paa na nguzo, ningedai jingine.

Siku ya kulipokea usikubali kukabidhiwa jioni wala likiwa limetoka kuoshwa. Maji hujaza mkwaruzo na kuuficha usionekane. Subiri likauke juani, ndipo uanze kupitisha ukucha.

Fundi wa magari,
Mikindani, Mtwara