Kazi yako ina jina la Deus

Kulwa ndugu yangu,

Mwangaluka. Huku Nyegezi hatujambo. Mama mkwe wako mzima, ila anasema umemsusa. Salamu nyingine baadaye, hili haliwezi kungoja.

Jana mkuu wa mradi kaniomba orodha ya nani kafanya nini kwenye ile programu ya mwaloni, maana malipo ya awamu hii yataifuata. Nikaandika git shortlog -sn, ile amri ya Git (chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya programu) inayopanga watu kwa wingi wa komiti zao, yaani mabadiliko waliyoyahifadhi. Anayeongoza ni Deus. Deus! Ambaye tangu ahamie Geita hajagusa hata mstari mmoja. Wewe humo hata jina huna. Nilicheka, kisha nikakumbuka ile laptopu aliyokuuzia, kicheko kikakata.

Najua utasema unaingia kwa nywila yako mwenyewe. Ndiyo, na ndiyo maana hukushtuka. Nywila inakuruhusu tu kupeleka kazi kwenye seva. Jina linalobandikwa kwenye komiti Git inalitoa kwenye faili la mipangilio, na haimdai mtu kitambulisho. Ukiandika humo kwamba wewe ni mkuu wa mkoa, itakubali. Umenunua mtumbwi pale Kirumba ukaacha jina la mwenyewe wa zamani ubavuni: samaki unavua wewe, sifa anakula yeye.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, sasa hivi, uandike:

git config --list --show-origin

Itakuonyesha kila mpangilio pamoja na faili ulimoandikwa. Yaliyo kwenye .gitconfig, ndani ya folda yako ya mtumiaji, ndiyo ya jumla: yanakufuata kwenye kila mradi unaoufungua. Ya mradi wenyewe, yaliyo kwenye .git/config, yanayashinda hayo, na hayo ya jumla yanayashinda ya mfumo mzima. Deus utamkuta kwenye ya jumla, amekaa kama mwenye nyumba. Mtoe:

git config --global user.name "jina lako"
git config --global user.email "barua pepe yako"

Barua pepe iwe ileile uliyojiandikishia kwenye seva. Na ukiwa humo tazama core.autocrlf, mpangilio wa alama za mwisho wa mstari, naapa ameiweka false. Kila ukirekebisha mistari miwili, kwangu kwenye Linux faili zima linaonekana limebadilika, kwa sababu Windows inafunga mstari kwa alama mbili, sisi huku moja. Nimekuwa nikikulaani kimyakimya kumbe ni yeye. Weka true.

Sasa, tabu yenyewe. Kubadilisha jina leo hakugusi komiti za jana. Kuandika upya historia yote sitaki, maana vitambulisho vya komiti vinabadilika na kila aliyenakili mradi atatupigia simu. Nikafikiria .mailmap, lile faili unaloliweka kwenye folda kuu ya mradi likasema kazi za barua pepe fulani zihesabiwe kuwa za fulani, na shortlog inalisoma. Lakini Deus naye alifanya kazi halali mwanzoni, kwa barua pepe hiyohiyo, na .mailmap haijui tarehe. Ingekupa wewe na jasho lake, na unamjua akianza kulalamika... basi tu.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja: tarehe uliyoichukua hiyo laptopu. Nikiipata nitahesabu kwa --since, inayohesabu kuanzia tarehe fulani, kila kilichoandikwa kwa jina la Deus baada ya hapo nikiweke kwako, na mkuu nitamweleza mwenyewe. Aitaka orodha Ijumaa asubuhi.

Ile kazi ya zahanati nayo usiichanganye na hii. Iweke kwenye folda yake, kisha ndani ya .gitconfig ongeza:

[includeIf "gitdir:~/zahanati/"]
    path = ~/.gitconfig-zahanati

Hapo Git italisoma hilo faili la pili ukiwa kwenye mradi ulio ndani ya folda hiyo tu, kwa hiyo barua pepe ya zahanati ikae humo. Mkwaju (/) wa mwisho baada ya zahanati usiusahau. Inataka Git 2.13 kwenda juu, ya mwaka 2017, na Deus tunamjua kwa kusasisha vitu, kwa hiyo anza kwa git --version.

Haya, niambie: ni tarehe ngapi? Una risiti, au mlipeana kwa M-Pesa, ujumbe si bado upo? Na nywila za Deus zilizohifadhiwa humo umezifuta? Doto amejifungua au bado mnangoja? Sengerema sato mnanunua bei gani, maana huku tunaumia? Utakuja lini, au daraja la Busisi mmejengewa la kupigia picha? Na Deus nimwambie mimi, au utamwambia wewe, kwamba alikuwa karibu kulipwa?

Wako,
Masanja